Kaburu na Mafuta ya Mzazi

Mama mkwe wangu, Mektilda, alikuwa na mbwa aliyenuka kabla hajaonekana. Uko jikoni unakoroga uji, harufu inatangulia kuingia, harufu ya tambara lililosahauliwa kwenye maji ya juzi, halafu ndipo mwenyewe anatokea mlangoni na kuanza kujikuna. Mguu unapiga sakafu ya udongo, magamba yanaruka, mengine yanatua karibu na chungu. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nilitapika mpaka nikabaki natapika hewa, na yule mbwa amesimama pale pale ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemkera.

Jina lake Kaburu. Miaka ile ukiita Kaburu hapa Babati, mbwa wa mtaa mzima wanainua masikio, kwa jinsi redio ilivyotuimbia habari za makaburu wa Afrika Kusini. Huyu wa kwetu alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo mwekundu, na wanasema zamani alikuwa mzuri. Mimi uzuri huo sikuukuta. Nilipoolewa na Damiani na kuletwa Bonga, mwezi wa tisa mwaka themanini na nne, tayari alikuwa ameanza kunyonyoka.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa juu wa barabara ya Dodoma, na shamba lilipanda mpaka kwenye vichaka vya kilima. Damiani alikuwa fundi seremala, fundi asiye na misumari, maana misumari ilikuwa imetoweka madukani kama sabuni, kama sukari, kama kila kitu. Mimi nilitoka Dareda. Mama yangu alifua nguo za masista, na mimi nimekua nikijua kwamba kitambaa huchemshwa, mikono huoshwa mpaka kwenye viwiko, na mbwa hukaa nje. Kwa Mektilda mbwa alikaa popote alipotaka.

Sasa niwaeleze habari za huyo Mektilda, maana bila hivyo mtadhani nilikuwa mkorofi bure. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu iliyopasuka visigino. Alinusa ugoro na kupiga chafya bila kugeuza uso. Kiswahili alikijua, ila Kiiraqw chake kilikaa kooni, akisema "Kaburu" unasikia koo limekwaruza. Alishuka kutoka Mbulu akiwa bi harusi, akalima, akafiwa na mume, akaendelea kulima. Na alikuwa mkunga. Watoto wa mteremko ule wote wamepita mikononi mwake, na nikisema wote sitanii.

Mwaka huo wa themanini na nne, kabla sijaletwa, mvua iligoma. Watu wakapanga foleni kupewa unga wa njano wa msaada, ule walioubatiza unga wa Yanga kwa rangi yake. Mektilda naye alipanga foleni, na gunia mkononi, nyuma ya vijana aliowapokea yeye mwenyewe siku walipozaliwa. Mmoja wao akamsukuma. Damiani aliniambia kwamba mama yake aliupika ule unga, akaula amegeukia ukutani, akasema neno moja tu: mwaka ujao anakula mahindi yake au hali.

Adui wa mahindi yake hakuwa mvua peke yake. Vichakani mle walilala nguruwe pori, na nguruwe wakishuka wakati mahindi yamekomaa, asubuhi unakuta shamba limelala kama limepitiwa na trekta. Mbwa wengi wa Bonga wakisikia nguruwe wanaingia chini ya kitanda. Kaburu alikuwa anapanda juu na kuwazuia. Ndiyo maana Mektilda hakutaka kusikia habari ya kumuua. Mbwa akifa, mahindi yamekwenda, na mahindi yakienda, mama mkwe wangu anarudi foleni.

Hilo nalielewa. Nililielewa hata wakati ule. Lakini kulielewa jambo hakuondoi kinyaa.

Upele ulianzia masikioni, ukashuka kwenye macho, ukafuata mbavu. Manyoya yakatoka kwa mafungu. Ngozi iliyobaki ilikuwa nene, ya kijivu, imekunjamana kama soksi iliyoshuka, na kwenye mikunjo kulikuwa na majimaji ya njano yaliyoganda na nzi waliojua njia. Alijikuna mpaka damu. Kisha akalamba damu. Kisha akaja kukulamba mkono. Wanasema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini; huyu wa kwetu Wakatoliki alitufuata kwenye jumuiya. Tuko kwa jirani yetu, Mama Aniceti, katikati ya rozari, Kaburu akaingia akajisugua kwenye benchi tulilokalia. Wanawake wakanyanyua khanga zao, Salamu Maria ikakatika. Mama Aniceti alilimwagia benchi lile maji ya moto, na siku ya pili akalimwagia tena.

"Mama, huyu tummalize tu," Damiani alisema.

"Utapanda wewe kwa nguruwe?" mama yake akamjibu. Damiani akarudi kwenye randa yake.

Alijaribu, maskini. Alikwenda gereji kule mjini akaomba oili chafu, watu walikuwa wakiwapaka mbwa wao. Kaburu akailamba, akatapika nyeusi jikoni kwangu, na ngozi ikachubuka ikawa mbaya kuliko mwanzo. Baada ya hapo Mektilda alimfunga kamba shingoni akamvuta mpaka kwa bwana mifugo, Anselimu, akanichukua na mimi, kwa vile nilikuwa nikienda kliniki njia hiyo hiyo. Nilitembea mbele yao. Watu wasinihesabu pamoja na kile kitu.

Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa kavu, lina vyura na majani. Anselimu alimtazama Kaburu kwa mbali, akaweka leso puani.

"Mama Damiani, shikamoo. Dawa ya josho hakuna. Nchi haina fedha za kigeni."

"Marahaba. Kaburu hali fedha za kigeni."

Anselimu akacheka. Aliingia ndani akatoka na salfa, unga wa njano mwingine, amefunga kwenye gazeti. Akamwambia aloweshe magamba mpaka yatoke yote, halafu achanganye salfa na mafuta, ampake mwili mzima, arudie kila baada ya siku chache mpaka manyoya yaote.

"Mafuta gani?"

"Yoyote, mama. Ukiyapata."

Vitunguu vilikuwa vinakaangwa kwa maji. Watoto walikwenda shule miguu imepauka kama imepakwa chaki. Mafuta ya mbwa yatoke wapi?

Mimi nilijua yalipo, ila halikunijia wazo. Wiki chache kabla, Mektilda alikuwa amemchinja kondoo wake pekee, yule wa mkia mnene. Kwa watu wetu mwanamke akibeba mimba ya kwanza, mama mkwe humchinjia kondoo. Mafuta huyeyushwa, huwekwa kwenye kibuyu, na mzazi hunyweshwa na maziwa ya moto arudishe mwili wake. Hilo hata mimi wa kwa masista nililijua. Nilimwona akiyeyusha. Nilikiona kibuyu kikining'inia kwenye moshi juu ya mafiga, na nisiwe mwongo, nilikuwa nakitazama kila nikipika. Katika mwaka usio na sabuni wala sukari, mimi nilikuwa na kibuyu.

Asubuhi moja nikarudi kutoka kisimani nikakuta sufuria yetu ya makande iko uani, imejaa maji ya majivu ya maganda ya maharage, na Mektilda amemkamata Kaburu kichwa katikati ya magoti yake. Sufuria ya makande! Alikuwa anamlowesha na kumbandua magamba kwa ukucha wa dole gumba, moja moja, taratibu kama mtu anayemenya viazi. Mengine yalitoka na ngozi. Usaha ulimtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Aliyabandua, akayatupa motoni, yakanuka ngozi na nywele zilizoungua. Kisha akavuta kopo lililokuwa pembeni, akachota kitu cha njano kinachonuka mayai viza, akaanza kupaka.

Nikasogea. Chini ya ile salfa ilikuwepo harufu nyingine niliyoijua.

"Mama, hayo ni mafuta gani?"

"Ya kondoo."

"Kondoo yupi?"

"Tulikuwa na kondoo wangapi, Evangelina?"

"Kwa hiyo mimi nikijifungua nitakunywa nini? Salfa?"

Alisimama ghafla, mikono inachuruzika. Uso wake ulibadilika. Akatema mate pembeni, akageukia kilimani, akatema tena.

"Nyamaza, mtoto. Mambo hayo hayasemwi."

Hayasemwi! Nikaingia jikoni nikatazama juu ya mafiga. Kibuyu hakikuwepo. Kamba yake tu, nyeusi kwa masizi. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, na nje namsikia anambembeleza mbwa kwa Kiiraqw, kwa sauti ambayo mimi hajawahi kunipa.

Damiani alisema atazungumza naye. Damiani wangu ni mwema, ila wema wake ni wa kukaa katikati ya wanawake wawili akichonga mpini wa jembe. Mipini ile mwaka huo ilikuwa mingi.

Basi nikatafuta kisufuria changu. Nikapika changu, nikaosha changu, nikakifunika kwa kitambaa nilichochemsha. Bonga nzima ikajua: nyumba moja, meko mawili. Mke mwenye mimba asiyekula chakula cha mama mkwe wake ni aibu ya kutembea nayo sokoni, na nilijua, na nilitaka itembee. Kila nikimwona akimbandua yule mbwa, akajifuta kwenye sketi, akachukua ugoro kwa vidole vile vile na kisha akakaa kupukuchua maharage, nilikuwa nakisogeza kisufuria changu mbali zaidi. Nikamwambia nitakwenda kujifungulia Dareda kwa mama yangu.

"Sawa," akasema. Akaendelea kupukuchua.

Nilitarajia anizuie. Hakunizuia, na hilo nalo nikaliweka kwenye akiba yangu ya hasira.

Kaburu akaanza kupona. Hata kupona kwake kulichukiza. Ile ngozi nene ilipasuka ikatoka vipande vipande kama ukoko wa ugali, chini yake ikawa ya waridi, mbichi, kama ya panya aliyezaliwa leo. Manyoya ya kwanza yalikuwa utando tu, ungedhani ameota ukungu. Lakini macho yakafunguka, na mahindi yalipoanza kubeba, akarudi kulala juu shambani. Asubuhi tulikuta nyayo za nguruwe zimefika mpakani zikageuka. Shamba la Mama Aniceti, la pili kutoka letu, lililiwa na nguruwe pembe nzima.

Wakati huo huo Mektilda akaanza kuvaa sweta. Sweta la zamani la marehemu mumewe, mikono mirefu, hata juani. Nikamwona akijisugua kwenye mwimo wa mlango, bega juu, bega chini, sawasawa na mbwa wake.

"Sasa wamekuwa wawili," nikamwambia Mama Aniceti. Yeye hakucheka, akanitazama tu akabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa sita, baridi imeingia na mahindi yamekauka yanangoja kuvunwa, nilifunga mzigo wangu wa Dareda. Lori lililotakiwa kunibeba halikuwa na dizeli. Tukaambiwa kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na mtoto hakusubiri dizeli. Uchungu ulinishika nikiwa naanua nguo, mchana kweupe, na kabla Damiani hajapata baiskeli ya kunipeleka mjini ikawa haifai tena kupanda baiskeli.

Hapo Mektilda akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa mteremko ule aliyewahi kuliona. Mkunga yule alisimama nje. Alimwita Mama Aniceti, akamwelekeza kwa sauti kutoka mlangoni, fanya hivi, ngoja kwanza, shika hapa, lakini mguu wake haukuvuka kizingiti. Mjukuu wake wa kwanza alipolia, hakuja kumpokea. Nilikiona kivuli chake ukutani, na mikono ameificha ndani ya lile sweta. Nikasema moyoni, vizuri, kumbe ananichukia kiasi hiki. Watoto wa watu wote awapokee, wa kwangu asimguse.

Asubuhi yake, jua limeshatoka, akaja mpaka mlangoni na kitu kimefungwa kwenye kitenge kipya. Hakukileta kitandani. Alimpa Mama Aniceti.

Kilikuwa kibuyu. Mdomo wake ulizibwa kwa nta, na nta haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama Aniceti akaibandua kwa kisu. Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, mafuta meupe, yameganda vizuri, yananuka moshi.

Nikayatazama. Nikamtazama yeye.

"Na yale ya mbwa?"

"Yale yalikuwa yangu," Mektilda akasema.

Mama Aniceti ndiye aliyenieleza, akichota mafuta kwenye maziwa ya moto. Kondoo wa mzazi anagawanywa. Mafuta ya mkia ni ya mzazi. Yale ya ndani, yanayofunika figo na utumbo, ni ya bibi, ajipake mikono na miguu kipindi cha baridi anapolea. Kibuyu cha mzazi hufichwa, mzazi asiendelee kukitazama, na mafuta yake hayatajwi mpaka mtoto alie. Ukiyataja mtoto angali tumboni, umemwita mtoto kabla hajaitika. Mektilda alikuwa ameyataja zamani, kwa furaha tu, wakati wa mimba yake ya kwanza. Wa kwanza huyo alimzika, na wa pili akamzika. Damiani ni wa tatu.

"Wewe hukufundishwa hayo kwenu?" Mama Aniceti akaniuliza.

"Kwetu tulifundishwa kuchemsha maji."

Na hadi leo nasema, angeweza kutafuta njia. Angeweza kunikonyeza. Angeweza kumtuma huyo huyo Mama Aniceti aninong'oneze, kuliko kuniacha miezi nikipika kwenye kisufuria kama mgonjwa wa ukoma. Lakini ndivyo alivyokuwa, alitema mate mara mbili kumwokoa mtoto wangu na mdomo wangu, na mimi nikadhani ananitemea.

Desturi ni mtoaji aonje kwanza. Mama Aniceti akampelekea kikombe mlangoni, Mektilda akanywa funda moja. Alikishika kwa ncha za vidole, ameivuta mikono ya sweta mpaka kwenye kucha.

"Kunywa, Mama Fabiola," akaniambia.

Jina tulikuwa tumelipanga mimi na Damiani tu, naye kumbe alishamwambia mama yake. Fabiola alikuwa mama yake Mektilda. Nilikunywa. Ukingo wa kikombe ulinuka salfa, na chini ya salfa ulinuka mbwa. Nikafumba macho nikamaliza.

"Njoo hapa, Mama," nikasema. "Lete mikono."

"Hapana. Nina uchafu wa Kaburu. Mtoto yuko hapo."

"Nimesema lete mikono."

"Mficha uchi hazai," Mama Aniceti akamsukuma kutoka nyuma, "na wewe umeshazaa."

Alikaa kwenye kigoda, mbali na kitanda, akavua sweta. Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Kuanzia vidole mpaka kwenye viwiko ilikuwa ile ile ngozi, ya kijivu, imepasuka, na mistari ya damu alipojikuna, na kwenye mikunjo yale majimaji ya njano. Miguu yake, ambayo kila baridi huipaka mafuta, ilikuwa imefunguka visigino mpaka nyama. Kipindi chote kile cha baridi hakujipaka hata tone. Mafuta yake yalimwishia mbwa, na yangu hakuyagusa.

Nikamwuliza kama salfa imebaki. Ilikuwepo kidogo, gazetini, juu ya mlango. Nikamweka Fabiola upande wa ukutani, nikavuta kibuyu changu, nikachota kwa vidole, nikachanganya kwenye kiganja. Yeye akasema hapana, hayo ni ya mzazi. Nikamwambia mzazi ni mimi.

Nikaushika mkono wake. Gamba moja likabanduka likabaki chini ya ukucha wangu, na ile harufu ikanipanda puani, ile ya mlangoni, ya tambara la juzi. Mate ya kutapika yakajaa mdomoni. Sijawahi kuona kinyaa kama siku ile, wala sikujifanya sioni. Kaburu alikuja akasimama kizingitini, manyoya yake mapya yanang'aa, akatutazama sote wawili. Nilimeza yale mate, nikachota tena.